Zizi la sebuleni na zizi la mjomba

Sh 35,000 nilizitoa mwenyewe, bila kushikiwa kisu, nikampa kijana anayeuza maua kando ya Barabara ya Bagamoyo. Akaniapia kuwa mmea umetoka China na jina lake ni zizi. Nilipoufikisha nyumbani, mke wangu aliuzunguka mara mbili, akauliza ng'ombe wanaletwa lini.

Niliuua ndani ya miezi mitatu, tena kwa mapenzi. Kila asubuhi kikombe cha maji. Mashina yakaanza kulala moja moja, na nilipovuta moja likachomoka laini, linanuka kama kiazi kilichosahaulika kabatini. Chini yake kweli kulikuwa na viazi, vinene kama ngumi ya mtoto. Kumbe mmea una ghala lake la maji, nami nilikuwa nauzamisha.

Mwaka uliofuata nilikwenda Tanga kwa mjomba, ambaye shamba lake liko upande wa Amboni, kwenye miamba ya chokaa. Tunapita kichakani, nikasimama. Kati ya mawe, kwenye kivuli, lilikuwa zizi langu. Si moja, kundi zima, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi.

"Mjomba, huu mnauitaje?"

"Huo? Tunaufyeka tu, mjomba."

Nilipomtajia bei ya Dar aliketi juu ya jiwe, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Niliporudi nikasoma. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na kwao ni huku huku, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Msumbiji, mpaka KwaZulu-Natal. Wazungu waliuandika mara ya kwanza mwaka 1829, na Waholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Ndani ya jina hilo refu limo neno la Kiarabu, qulqas, yaani gimbi. Na kweli ni ndugu wa gimbi! Ukiutafuna utakuwasha mdomo kama gimbi bichi, kwa hiyo wenye watoto wadogo wauweke juu.

Watu huuchanganya na mtapo mchanga, ule mmea unaofanana na mnazi mfupi. Mimi naangalia chini. Mtapo una jani kavu, gumu. Zizi limevimba pale linapotokea udongoni, ukibonyeza unahisi maji. Halafu kile unachokiona kama shina ni jani moja zima, limegawanyika vijani pande mbili. Likichanua (langu limechanua mara moja tu) ua hujificha karibu na udongo, kama kigunzi kidogo cha mahindi kilichovuliwa ganda. Wageni hawakuliona hata nilipowaonyesha.

Kule kichakani sikung'oa kitu. Niliokota vijani tisa vilivyodondoka, maana kiangazi kikikaza mmea hupukutisha majani ukabaki na viazi vyake, na kijani kilichoanguka kinaweza kuota chenyewe. Nilivichomeka kwenye kopo la Blue Band lenye mchanga, nikatoboa matundu chini. Miezi ikapita, hakuna kitu. Mwezi wa sita uvumilivu ukaniishia, nikachomoa kimoja: kitakoni kimefunga kijiazi kama punje ya karanga. Nikakirudisha haraka kama mwizi aliyeshtuliwa. Chipukizi la kwanza lilitokeza mwezi wa kumi na moja.

Sasa namwagilia mara moja kwa wiki tatu, na masika nasahau kabisa. Udongo nusu mchanga, kopo liko mbali kidogo na dirisha. Saba kati ya tisa vimepona.

Wiki iliyopita mjomba alinitumia picha. Amepanda mazizi manne kwenye ndoo za rangi, kayapanga barazani kwa urefu, na chini ameandika: "Yule kijana wa Bagamoyo, nipe namba yake."