Wimbo Uliokatika Mnarani

Mwalimu wetu wa semina pale Leuven, Ubelgiji, hakupenda tumsome mwanafalsafa Edmund Husserl tukiwa tumejifungia darasani. Alasiri moja ya Novemba alitupeleka uwanja wa Ladeuzeplein, chini ya mnara wa maktaba ya chuo kikuu. "Kengele zitalia sasa hivi," akasema. "Sikilizeni, kisha mniambie mmesikia nini. Habari za mawimbi ya sauti na ngoma ya sikio sizitaki."

Baridi ilikuwa kali. Kengele zikaanza, wimbo nisioujua, nami nikajaribu kuzishika noti moja moja. Hazikushikika. Kila noti ilifika ikiwa bado na ile iliyoitangulia, tena ikiielekea nyingine. Mara wimbo ukakatika katikati ya mstari, nikajikuta nimeinua shingo naingoja noti ambayo haikuja. Pale pale nikaelewa. Kama ningekuwa nasikia mlio wa sekunde ile peke yake, ningejuaje kwamba kuna kitu kimekatika?

Husserl aliyafundisha hayo Göttingen, Ujerumani, katika mihadhara yake ya 1905 kuhusu ufahamu wa wakati. Kwake, "sasa" ina upana. Noti iliyotoka punde bado imeshikiliwa ndani ya kusikia kwenyewe, na ijayo imekwisha kutarajiwa. Kukumbuka ni jambo jingine kabisa, kama hivi ninavyoirudia leo alasiri ile. Franz Brentano, mwalimu wake, alikwisha andika mwaka 1874 kwamba ufahamu siku zote ni ufahamu wa kitu fulani. Ila Brentano aliona kwamba kilichopita punde huletwa na ubunifu wa akili, na hapo mwanafunzi wake akamkatalia: tunakisikia kikiwa ndiyo kwanza kinapita. Mimi niliyekuwa nimesimama pale uwanjani nasema Husserl alikuwa sahihi.

Tuliporudi ndani, mwalimu alitupitishia nakala ya ukurasa mmoja wa maandishi ya Husserl. Vikulabu vyembamba vya hati mkato, vimesongamana hadi pembeni. Hata Mjerumani mwenzetu hakuambulia neno. Kurasa za namna hiyo, zipatazo 40,000, zimehifadhiwa Leuven kwa sababu mwaka 1938 padri Mfransisko, Herman Leo Van Breda, alizitorosha kutoka Ujerumani ya Wanazi, ambako kazi za mtu aliyezaliwa Myahudi hazikuwa salama.

Jioni ile nikauliza ni nani aliyeweza kuvisoma vikulabu vile. Nikaambiwa: Edith Stein, msaidizi wa Husserl. Ndiye aliyeinakili mihadhara ile ya wakati na kuipanga sura kwa sura mwaka 1917. Ilipotoka 1928, mhariri aliyetangazwa ni mwanafalsafa Martin Heidegger, naye Stein akatajwa kidogo tu katika dibaji. Mwaka 1942 Stein aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na kila ninapoifundisha mihadhara ile, jina la Stein naliandika ubaoni chini ya la Husserl kabla sijafungua ukurasa wa kwanza.