Nilivyowaunganisha wanafunzi wa idara nne kwenye kisima kimoja

Nilipotaka kuanza kufundisha uhandisi wa mifumo chuoni kwetu, yaani kuunganisha kazi za fani mbalimbali ziwe mfumo mmoja unaofanya kazi, kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: andika mtaala wa shahada ya uzamili, upeleke kwenye ithibati, usubiri. Mwenzangu mmoja alisubiri hivyo miaka mitatu. Wanafunzi wake walihitimu bila kuwahi kukanyaga karakana ya idara ya jirani, na hilo linaniuma mpaka leo. Mimi nilichukua miradi ya mwaka wa mwisho, ambayo tayari ina muda na alama, nikaunganisha ujenzi, mitambo, umeme na kompyuta. Kazi ikawa moja: pampu ya sola ya kisima cha kijiji, ijiwashe na kujizima yenyewe.

Mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Kila kundi lilijaribu sehemu yake maabara na kufaulu. Watu wa umeme walifunga kihisi juu ya tangi la lita 5,000. Kinapiga mawimbi ya sauti kwenda chini na kupima umbali hadi kwenye maji. Watu wa kompyuta walipokea namba hiyo wakaisoma kama kina cha maji. Sasa fikiria: tangi limejaa, umbali ni sentimita 15, programu inaona maji yamebaki sentimita 15, inawasha pampu. Tangi likikauka, inaona limejaa, inazima! Tulisimama mbele ya wanakijiji, maji yanafurika na kuchimba udongo chini ya mnara, vijana wanakagua nyaya zisizo na kosa lolote. Saa mbili nzima. Kila kundi lilikuwa sahihi kwake. Kosa lilikaa katikati, mahali pasipo na mwenyewe.

Wiki hiyo niliwasimulia chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilichopotea mwaka 1999: programu ya upande mmoja ilitoa hesabu za msukumo wa injini kwa pauni, upande wa pili ukazisoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Darasa lilikaa kimya. Walishayaona kisimani.

Dawa niliyoipata ni karatasi. Makundi mawili yanayokutana mahali huandika ukurasa mmoja: nini kinapita hapa, kwa kipimo gani, sifuri inahesabiwa kutoka wapi, na anayetaka kubadilisha amwambie nani kabla. Wote wanasaini, inabandikwa ukutani. Tena alama 40 kati ya 100 hazitoki mpaka mfumo mzima ufanye kazi kijijini. Hapo wakuu wa idara walinijia juu: mwanafunzi wangu afelishwe na wa kwako? Nilimpelekea mkuu wa kitivo mfano wa satelaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018. Ilikuwa na sentimita 10 tu kila upande, lakini umeme, redio na kompyuta vilibanana humo, na kimoja kingegoma vyote vingekwisha. Akanipa mwaka mmoja wa majaribio. Ulitosha.

Na msiende kijijini siku ya kukabidhi tu. Nendeni kabla hamjachora chochote. Vijana walikuwa wamemtengenezea mama anayeshika ufunguo wa kisima programu ya simu. Akawaambia, "Wanangu, mimi natumia kitochi. Nataka nikiamka alfajiri nijue maji yapo au hayapo." Wakafunga taa ya kijani juu ya mnara, anaiona akiwa mlangoni kwake. Haikufika elfu ishirini. Ile programu ilikuwa imekula muhula mzima.

Pampu sasa inakwenda msimu wa pili. Gharama zetu, ukiacha paneli, zilikuwa milioni moja na ushee. Mwaka huu watu wa kilimo wameomba kuingia na umwagiliaji wa matone. Nimewaambia waje na mkulima mmoja kwanza, michoro itafuata.