Karatasi ya mwakilishi wadi ndiyo yenye maji yetu

Agosti 10, 2027 kila mpiga kura nchini Kenya atakabidhiwa karatasi sita. Ile ya mwakilishi wadi wengi huitia alama harakaharaka, na hapo ndipo tunapojiponza. Maji, kilimo na mitaro ya mvua ni kazi za kaunti, na bajeti yake hupitishwa na wawakilishi wadi hao hao, walio wabunge wa kaunti.

Mgombea akija, usimuulize kama anapenda mazingira, nani atakataa? Muulize atatetea asilimia ngapi ya bajeti ya maendeleo iende kwenye mfuko wa tabianchi, yaani fedha za kaunti za kukabili athari kama ukame na mafuriko. Kaunti ya Makueni, iliyotunga kanuni za mfuko wake mwaka 2015, ilianza na asilimia 1.

Kisha shuka naye mtoni. Akiahidi bwawa la mchanga, yaani ukuta unaokinga mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji, aeleze ukuta utakaa juu ya nini. Msingi usipofika kwenye mwamba, maji hupenya chini kwa chini na bwawa hukauka mapema. Chota mchanga kiganjani: wa chembe kubwa huachilia maji kwa urahisi, ila ule laini unaonata kama tope huyashikilia. Na pampu ikiharibika, fundi analipwa na nani? Miradi mingi hufia hapo.

Akishachaguliwa, usimwache. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti Aprili 30. Peleka ombi kwa maandishi, utaje kijiji na mradi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.