Nilipanda Igls Kutazama Watu Wakishuka

Kwenye televisheni luji huonekana mchezo mpole. Mtu amelala chali juu ya sleji, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, miguu mbele, anateleza ndani ya mfereji wa barafu, na kamera zinapokezana kumfuata tangu juu hadi chini. Igls, juu ya mji wa Innsbruck nchini Austria, ndiko nilikojua kwamba televisheni hainionyeshi mchezo wenyewe.

Kuhusu kufika sina mengi. Malazi yalikuwa ghali kupita kiasi, maana msimu wa theluji milima ile hujaa watu wa ski na wenye vyumba wanalijua hilo. Basi la kupanda mlimani lilishona abiria hadi mlangoni. Na baridi ile! Vidole vya miguu viliingia ganzi hata mashindano hayajaanza.

Njia ya kuteleza ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 1976. Ilikuwa na kona 14, na ndani ya zege lake yamepita mabomba ya kugandisha barafu. Nilianzia juu. Wachezaji walikuwa wamesimama pembeni, macho wamefumba, mkono ukipinda hewani kulia, kushoto, kulia tena: wanazipita kona zote kichwani kwanza. Vyuma vya chini vya sleji hupimwa joto, na vikizidi kiwango mchezaji anaondolewa, kwa kuwa chuma kilichopashwa moto hukimbia zaidi. Kisha mtu anakaa, anashika vishikio viwili, anajivuta nyuma na mbele, anajirusha, anaikwaruza barafu kwa glavu zenye miiba ncha za vidole, halafu analala. Hana breki wala usukani. Anaongoza kwa kubana vyuma kwa mashavu ya miguu na kukandamiza kwa bega.

Nikateremka hadi kona moja ya katikati. Pale kwanza unasikia. Mngurumo unatoka juu, unakua, unageuza shingo, na mtu ameshapita. Wa kwanza sikumwona kabisa. Wa pili niliambulia helmeti. Niliudhika kwelikweli. Nauli yote ile, baridi yote ile, kwa helmeti? Mzee mmoja aliyesimama kando yangu na kengele ya kushangilia mkononi akanigusa bega. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kidole chake kilieleweka: usimfuate kwa macho, kazia pale juu kona inapoanzia, umngoje.

Nikangoja. Na hapo ndipo nilipoona luji kwa mara ya kwanza. Niliona kidevu kikiinuka kidogo ili jicho lipate njia, kisha kichwa kikirudi. Niliona shingo ikishindana na uzito wa kona unaotaka kukiburuta kichwa kwenye barafu. Niliona bega likididimia kidogo tu na sleji nzima ikatii, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hakuna kamera iliyowahi kunionyesha lile bega.

Katika mteremko wa pili wa wanawake, binti mmoja aliingia konani akiwa juu mno. Sleji ikapinda, ikamlalia. Kengele zote zikanyamaza. Mimi mawazo yalikimbilia kwa Nodar Kumaritashvili wa Georgia, aliyefia mazoezini Whistler, Kanada, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya 2010. Binti akaburuzwa mbele ya macho yetu, mkono mmoja umeng'ang'ania sleji, na kabla hajatoweka nikamwona anavuta goti juu ya sleji. Mzee akapaza sauti kwa lugha yake. Vipaza sauti vikatangaza: amevuka mstari, yuko na sleji yake. Watu walipiga kengele kuliko walivyompigia mshindi.

Wafanyakazi wakaingia kuikwangua barafu iliyochimbika, nami nikashuka mbio kwenda chini kumwona.

Njiani nilikuwa nikipiga hesabu. Luji hupimwa hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde; kwa kilomita 120 kwa saa, hiyo ni sentimita tatu na kitu. Kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, Silke Kraushaar alimshinda Mjerumani mwenzake Barbara Niedernhuber kwa sehemu mbili tu za elfu ya sekunde, baada ya kujumlisha mishuko minne. Huyu binti alikuwa amepoteza sekunde nzima nzima. Kwenye mchezo wa namna hiyo, alikuwa wa mwisho tangu goti lake lilipogusa barafu, na alilijua hilo alipolivuta.

Nilimkuta chini. Nguo yake ilikuwa imekwaruzika begani hadi kuwa nyeupe, na alitembea akichechemea. Daktari alikuwa akimwita. Akamwashiria angoje, akaibeba sleji yake, akapanga foleni ya mzani, wanakopimwa uzito baada ya kushuka, pamoja na wenzake.