Siku moja maishani mwangu: mezani pa kupokea silaha, Ituri

Nilikuwa fundi silaha jeshini Tanzania. Sasa ni mshauri wa silaha na risasi kwenye timu inayowapokea wapiganaji wanaotoka porini katika milima ya Djugu, jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo. Wenzangu wanaokaribia kustaafu huuliza kazi hii ikoje. Hii hapa siku ya mapokezi, saa kwa saa.

Saa 10:30 alfajiri

Jambo la kwanza ni saa yenyewe. Huku ukimwambia mtu "saa mbili", yupo atakayekuja asubuhi, na yupo anayehesabu kwa Kifaransa atakayekuja saa nane mchana. Kosa hilo linaweza kuua. Kundi lenye bunduki linapotoka msituni, jeshi la serikali, FARDC, limeshaelezwa litapita njia ipi na kati ya saa ngapi na saa ngapi. Likipita nje ya muda huo, askari wa kizuizini hana namna ya kujua kama linakuja kuweka silaha chini au kushambulia. Kwa hiyo barua kwa kamanda wao huandikwa 08h00 kwa tarakimu, na mjumbe huonyesha kwa mkono jua litakuwa wapi.

Alfajiri hii namwita mjumbe kwenye redio, kisha afisa wa FARDC, na kila mmoja ananiambia saa anayoijua yeye. Mimi sitangulii kuitaja. Ukitangulia, wote watakuitikia "ndiyo, afande", na hutajua nani kaelewa.

Nguo ninazovaa ni za kiraia. Kombati ilibaki nyumbani, na hata viatu ni vya kawaida. Lugha nayo huvuliwa. Neno "kupokonya" halitamkwi uwanjani. Tunasema kuweka silaha chini. Aliyepokonywa atatafuta nyingine.

Saa 11:30

Nakagua uwanja kwa miguu. Pipa la lita 200 limejazwa mchanga na kulazwa mshazari, mifuko ya mchanga imepangwa pande tatu. Kila mtutu utaingizwa humo kabla ya kitu kingine. Mchanga lazima uwe umechekechwa, maana jiwe moja ndani yake linaweza kuirudisha risasi. Usiku mvua ilinyesha, mchanga umeshuka, mdomo wa pipa uko wazi. Karai tatu zinatosha kuujaza.

Halafu hesabu ya jikoni. Orodha tuliyoletewa ina majina 60. Maji lita 15 kwa mtu kwa siku ni lita 900. Unga gramu 400 kwa mtu ni kilo 24. Choo kimoja kwa watu 20 ni vyoo 3. Naandaa kwa watu 90: lita 1,350, kilo 36, vyoo 5. Orodha za porini huongezeka usiku wa mwisho, na mtu mwenye njaa aliyekwishatoa bunduki yake ni mtu aliyedanganywa. Yeyote anayeona huu ni ubadhirifu akumbuke Kotakoli, kambi ya mbali kaskazini magharibi mwa nchi walikopelekwa wapiganaji pamoja na familia zao. Mwaka 2014 ilibainika kwamba zaidi ya watu 100 walikufa humo kwa njaa na maradhi, wake na watoto wakiwemo. Mpango wa sasa wa serikali, P-DDRCS, ulioanzishwa mwaka 2021, unawarudisha watu kwenye jamii zao badala ya kuwafungia kambini miaka. Naukubali mwelekeo huo kwa moyo wote, ila hata siku mbili za mapokezi zinahitaji ugali, maharage na maji ya kutosha.

Saa 2 asubuhi

Wanafika, 87. Wanasimama kwenye mti tuliokubaliana, mbali na lango, na kuja watano watano.

Kabla sijagusa bunduki hata moja, wenzetu wa ulinzi wa watoto wanapita kwenye mstari. Aliye chini ya miaka 18 hutolewa hapo hapo. Haulizwi silaha, hapigwi picha, hapangwi foleni na watu wazima, na lengo ni awe mikononi mwa wahudumu wa watoto ndani ya saa 48. Makamanda wengi huwaficha vijana wadogo siku hii. Wanajua kwamba Thomas Lubanga, aliyeongoza kundi hapa hapa Ituri, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15, akafungwa miaka 14. Kwa hiyo mtoto huachwa porini au huambiwa aseme ana miaka 19. Afisa mzoefu haulizi umri. Anauliza: mdogo wako ana miaka mingapi? Uliacha shule darasa la ngapi, na ni mwaka gani huo?

Wanawake nao wana mlango wao na meza yao. Kanuni ya zamani ya "mtu mmoja, bunduki moja", yaani asiye na bunduki haingii kwenye mpango, iliwaacha nje wapishi, wabeba mizigo na wake wa msituni, ambao mara nyingi ndio walioteseka zaidi. Lakini ukilegeza sharti bila njia nyingine ya kuhakiki, unapata yaliyotokea Liberia: kuanzia Desemba 2003 waliandikishwa watu zaidi ya 100,000 na zikakusanywa silaha kama 28,000. Pale risasi 150 zilimwingiza mtu kwenye mpango, na makamanda waliweza kugawa risasi kwa ndugu na majirani.

Saa 3 hadi saa 6

Hapa ndipo ufundi wa jeshini unapolipa, na ndipo tabia za jeshini zinapoharibu. Askari mstaafu hukosea kwa sauti. Akifoka, mwenye bunduki anashtuka, na kidole chake kiko palepale pa hatari. Maelekezo hutolewa kwa sauti ya mezani, hatua moja moja, na mwenye silaha ndiye anayezifanya.

Kwa bunduki za aina ya AK mpango ni huu. Mtutu ndani ya pipa, kidole nje ya kifyatulio. Toa magazini. Shusha wenzo wa usalama, maana ukiwa juu mkono wa kukokia hauendi hadi mwisho. Vuta mkono huo nyuma kabisa na uushike. Tazama chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho, kisha ihakikishe kwa kidole kidogo. Achia, fyatua ndani ya pipa, rudisha usalama. Ajali ya kawaida ni kugeuza mpangilio: mtu anakoki kabla ya kutoa magazini, risasi ya kwanza inaruka nje, anadhani bunduki ni tupu, kumbe ya pili imeshaingia chemba. Ndiyo maana magazini huwekwa mezani mbele ya macho yetu sote wawili kabla mkono wa kukokia haujaguswa.

Chukua bunduki moja ya leo. Kitako kimepasuka na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Upande wa kushoto, juu ya magazini, kuna pembetatu yenye 66 ndani yake na tarakimu 56: ni Type 56 ya Kichina. Namba ya usajili imezibwa na grisi na vumbi jekundu. Naipangusa kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, nasugua chaki nyeupe juu yake, nafuta kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo na namba inatokea. Naisoma kwa sauti, karani anaandika kisha ananisomea, kijana mwenye bunduki naye anaitazama. Tunaipiga picha na kibandiko chake. Makosa ni yaleyale kila mara: 3 na 8, 1 na 7. Tarakimu moja ikikosewa, bunduki hiyo haifuatiliki tena. Haitajulikana ilitoka ghala gani, na ikiibwa kesho hatutaweza kuthibitisha kwamba iliwahi kuwa mezani kwetu.

Stakabadhi ina nakala tatu: ya mwenyewe, ya serikali, ya kumbukumbu. Kijana anaikunja mara nne na kuiingiza kwenye soksi. Karatasi ile ndiyo kitu pekee atakachokuwa nacho leo cha kuonyesha kwamba alitimiza upande wake. Ikichelewa hata siku moja, uvumi unaanza.

Baada ya hapo natoa kitasa cha chemba, kipande ambacho bila yake bunduki haipigi, nakifunga kibandiko chenye namba ileile na kukiweka kwenye sanduku lake. Kitasa kitalala ghala moja na bunduki ghala jingine. Mwizi wa usiku atapata chuma tu.

Saa 6:30 mchana

Kijana mmoja anasema ana "kitu" kwenye mfuko wa sandarusi. Hapo wote tunasimama. Bomu la mkono halipokelewi mezani. Kila kundi liliambiwa wiki nzima liache mabomu na roketi yalipo na lituonyeshe, ili mtaalamu wa kutegua aamue kama vinasafirishika. Lakini mtu huleta tu, kwa hofu kwamba asipoleta hatahesabiwa.

Anaelekezwa aliweke mwenyewe, taratibu, kwenye shimo lenye mifuko ya mchanga nje ya uwanja, kisha arudi bila kukimbia. Mtaalamu anakuta pini ya asili haipo; kuna kipande cha waya wa uzio, kimeliwa na kutu. Waya kama huo unaweza kukatika kwa mtikisiko wa pikipiki. Litalipuliwa palepale jioni, na mapokezi yamesimama dakika 50. Roketi za RPG zina hatari yao: kofia ya puani ikipotea, kugongwa kidogo kunaweza kutosha.

Saa 8 mchana

Mahojiano, mmoja mmoja. Orodha ilikuwa 60, wamekuja 87. Je, 27 ni nani? Baadhi ni wapiganaji wa kweli waliosahauliwa. Baadhi ni vijana wa kijijini waliopewa bunduki mbovu jana usiku, kwa makubaliano kwamba posho watagawana na kamanda.

Kwa waliobeba silaha, naweka AK mezani na kumwomba aifungue. Aliyeishi nayo haiangalii. Mikono yake inatangulia. Lakini kipimo hiki peke yake ni dhuluma, kwa sababu mpishi au mbeba maji wa miaka mitatu atashindwa. Kwake maswali ni mengine. Maji mlichota wapi wakati wa kiangazi? Nani alilala karibu na nani? Mlipohama mara ya mwisho, chungu kikubwa kilibebwa na nani? Majibu ya watu wanne waliotenganishwa yakifanana, hao walikuwa pamoja. Tumebaki na 9 wenye shaka, na uamuzi unakwenda kwa kamati yenye wazee wa pande zote. Siuamui mimi.

Swali gumu huja hapa: "Pesa lini?" Jibu langu ni moja kila siku. Nasema kilichopo mkononi na tarehe iliyosainiwa; kama haipo, nasema haipo. Mtu hukasirika kwa dakika kumi. Ukimwambia "wiki ijayo" na isije, hukasirika akiwa na bunduki.

Saa 9:30

Mvua. Mashine ya alama za vidole inakataa: wengi wamechimba dhahabu, ngozi ya vidole imelika. Nawisha mikono, kausha, jaribu vidole vyote kumi, piga picha ya uso. Kisichosomeka kiandikwe hakisomeki. Usitumie kidole cha mtu mwingine ili kumaliza foleni.

Saa 10:30 jioni

Kikao na kamati ya usalama ya kijiji: mkuu wa eneo, polisi, mwakilishi wa wanawake, vijana. Wana haki ya kuuliza nani atalinda barabara ya soko sasa. Katika Djugu kijiji kinachotoa silaha peke yake hujiona uchi mbele ya jirani yake. Tunachoweza kukubaliana leo ni kidogo lakini kina maana: doria siku mbili za soko, kizuizi kimoja badala ya vitatu, na namba ya simu ya afisa wa zamu kuandikwa ukutani. Mama mmoja anauliza kwa nini waliotoka porini, waliochoma nyumba, wapate kazi ya kutengeneza barabara na waliochomewa wasipate. Amesema kweli. Nafasi zinagawanywa nusu kwa nusu, na majina ya nusu zote mbili yatabandikwa pamoja.

Saa 12 jioni

Risasi zinalala mbali na bunduki, kwenye mbao zilizoinuliwa, mlango wenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili. Umbali kutoka nyumba za watu tunaukokotoa kwa miongozo ya Umoja wa Mataifa: kipeuo cha tatu cha kilo za vilipuzi, mara 22.2. Kilo 27 ni mita 66.6. Hiyo ni kwa nguvu ya mlipuko tu. Vipande vya chuma huruka mbali zaidi, kwa hiyo tumekwenda mamia ya mita, nyuma ya kichuguu.

Tunahesabu kwa sauti, watu watatu, bunduki moja moja, kisha vitasa. Bunduki 41, vitasa 40. Taa inawashwa. Kimekutwa chini ya meza ya usajili, kimefunikwa na turubai lililolowa. Tunahesabu upya tangu moja, tunasaini, kufuli ya kwanza, kufuli ya pili.