Waya za meno ukubwani: nilivyoziweza

Nilifungwa waya za meno nikiwa mtu mzima mwenye duka la leso Biashara Street. Wateja walinicheka ("dada umerudi shule?") nami nikazoea upesi. Kilichonishinda ni mwendo. Jino husogea kama milimita moja kwa mwezi, na mimi nilikuwa na haraka. Nilimwomba daktari akaze zaidi. Akakataa, kisha akachukua karatasi akanichorea sababu.

Jino halikugandana na mfupa wa taya. Kati yao pana utando wa nyuzinyuzi. Waya ikisukuma, upande mmoja wa mzizi unabana utando na upande wa pili unauvuta. Ndani ya mfupa zimo osteositi, seli zilizofukiwa kwenye vishimo vidogo, zinazofikiana kwa vijia vyembamba mno. Zinahisi msukumo. Upande unaobanwa, hizo pamoja na seli za utando hutoa protini iitwayo RANKL, ambayo huzifanya seli changa zilizoletwa na damu ziungane na kuwa osteoklasti, walaji wa mfupa. Upande unaovutwa, osteoblasti hujenga mfupa mpya. Na hapa ndipo niliposhangaa: osteoblasti hizo hizo zinaweza kutoa RANKL, na zinaweza pia kutoa osteoprotejerini, inayoidaka RANKL kabla haijafika. Yaani mjenzi ndiye anayemwita mbomoaji, na ndiye anayemzuia.

Sasa ukikaza kupita kiasi, mishipa midogo ya damu kwenye utando hubanwa na seli za pale hufa. Jino husimama, likingoja osteoklasti zitokee ndani ya mfupa na kuchimba kuelekea kwenye utando uliokufa. Nguvu nyingi, mwendo mdogo. Sikumwomba tena.

Mengine yalikuwa ya jikoni. Kila nilipokazwa nilikula uji na mbaazi za nazi, mahamri nikayachovya kwenye chai. Korosho na mabuyu niliyaaga kabisa, na mabuyu yaliniuma roho kuliko meno. Kwa maumivu daktari alinipa parasetamoli badala ya ibuprofeni, kwa sababu ibuprofeni hupunguza prostaglandini, nazo ni miongoni mwa kemikali ambazo zile seli za mfupa na utando hutumia kuamshana.

Ramadhani niliomba miadi ya alasiri. Maumivu huanza baada ya saa chache, kwa hiyo yalinikuta nimeshafuturu na dawa naweza kumeza. Siku ya pili ndiyo kali. Hiyo niliipangia uji wa daku, parasetamoli, na msaidizi dukani ili nisiseme sana.

Waya zimeshatolewa. Usiku navaa kifaa cha plastiki cha kushikilia meno, maana mfupa mpya huchukua miezi kukomaa na nyuzi za ufizi huvuta jino lirudi lilikotoka. Dada yangu aliacha kuvaa chake, na meno yake ya mbele yameanza kupandana.