Ujumbe Ndani ya Kidani

Wapendwa, wiki hii tuko Esta 4. Tukiisoma sura hii, macho hukimbilia kwa Esta na Mordekai, na aliye katikati yao tunampita tu: Hathaki, msimamizi wa nyumba ya mfalme. Malkia yuko ndani, Mordekai yuko nje ya lango amevaa magunia. Hathaki ndiye anayekwenda na kurudi, tena hakubeba maneno matupu. Alikabidhiwa hesabu ya fedha alizoahidi Hamani ili Wayahudi waangamizwe, na nakala ya andiko la amri hiyo, akavifikisha vyote.

Mwaka 1881 India ilikuwa na Hathaki wake. Elizabeth Beilby, mmisionari aliyewatibu wanawake Lucknow, alikuwa amemuuguza maharani, yaani mke wa mtawala, wa Panna. Wanawake wa nyumba za namna hiyo walitawa. Daktari mwanamume hakuingia kwao, na mwenye uchungu wa kuzaa alibaki mikononi mwa dai, yaani mkunga wa jadi. Beilby alipoaga kwenda Uingereza kusomea udaktari, maharani alimwagiza amweleze Malkia Victoria jinsi wanawake wa India wanavyoteseka wakiugua. Akataka ujumbe uandikwe kwa herufi ndogo, uwekwe ndani ya kidani, kivaliwe shingoni, na Beilby aukabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Maharani alikuwa na akili: barua ingepita kwa makarani, na makarani hufupisha. Julai mwaka huohuo Malkia akaupokea.

Lord Dufferin alipoteuliwa kuitawala India mwaka 1884, Victoria alimwomba mkewe, Hariot, alishike jambo hilo. Kazi iliyotarajiwa kwa bibi wa cheo chake ilikuwa dhifa, dansi na kupokea wageni, Calcutta msimu wa baridi na Simla joto likipanda. Aliyafanya hayo yote. Akajifunza na Kihindustani, na Agosti 1885 akaanzisha mfuko wenye shabaha 3: kuwasomesha wanawake udaktari, kuwafungulia wanawake zahanati na wodi zao, na kupata wauguzi na wakunga waliofunzwa.

Palipokwama ni hapa. Daktari mwanamke mara nyingi aliwekwa chini ya daktari mkuu wa wilaya, mwanamume. Huyo akiwa na haki ya kukagua wodi, pazia limekwisha kupasuka, na wagonjwa waliotawa wanabaki nyumbani. Tena hospitali zilikuwa mijini. Vijijini dai aliendelea peke yake.

Jambo linalotusumbua sisi waamini ni kanuni ya mfuko iliyowakataza watumishi wake kuhubiri dini kazini. Mbeba kidani alikuwa mmisionari, na Injili ikaachwa mlangoni? Lakini maharani aliomba nafuu ya ugonjwa, basi. Naona Hariot aliufikisha ujumbe kama ulivyotumwa, bila kuuongezea haja yake mwenyewe. Wala tusimfanye mtakatifu: Januari 1, 1886, mumewe alitangaza kuitwaa Burma ya Juu, sehemu ya Myanmar ya leo, na mkewe aliishi katika jumba la utawala huohuo.

Jina la Hathaki linakoma mstari wa 10. Wiki hii tusome sura yote kwa sauti, watu wawili wawili, tukihesabu ujumbe umekwenda na kurudi mara ngapi kabla Esta hajaagiza mfungo wa siku 3.